Eda Katika Nyumba Yangu ya Utange

Wiki iliyopita niliwaacha Mtito Andei, lori limepasuka tairi la nyuma na kitanda cha mwanangu kimefungwa kamba juu ya kabati. Tairi lilibadilishwa. Laiti tairi lingekuwa ndilo tatizo langu la mwisho, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Kwa aliyeanza kunisoma leo: mimi ni Carolyne, mzaliwa wa Changamwe, mke niliyeachwa Nakuru, na sasa mtumishi katika nyumba ya watu Doha. Nilipokuwa huku nikifua na kupiga pasi, mume wangu Maxwell alimwingiza mwanamke mwingine katika nyumba yangu, juu ya kitanda changu, mbele ya binti yetu Cheryl wa miaka tisa.

Tulivutana hadi ofisi ya watoto. Ikaamuliwa kwamba Cheryl atakabidhiwa kwa mama yangu, Mombasa, lakini kwa masharti. Kuwe na nyumba inayofaa, mtoto awe na kitanda chake, na bibi yake awe anaishi humo humo. Chumba kimoja cha mama kule Likoni kilikataliwa.

Basi nikakodi nyumba Utange kwa simu. Nikahamisha vyombo vyangu kutoka Nakuru kwa simu. Ukaguzi ulipangwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Nikishindwa, Maxwell anarudi na mtoto, na Jumamosi anahamia Juba na mke wake mpya. Juba mimi ningempatia wapi mwanangu? Mkataba wangu ulikuwa umebakisha miezi saba na pasi yangu ya kusafiria imo kwenye sefu ya madamu, mwajiri wangu.

Leo nafika kwenye sehemu ninayoionea haya. Nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili.

Alhamisi hiyo, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa chumba cha kufulia nguo, mashine nimeiwasha makusudi ili sauti yangu isisikike. Kaka yangu Mutua, aliyesafiri na lori tangu Nakuru, akanipigia.

"Sista, tumefika. Lakini mlango umefungwa."

"Si nilikwambia funguo ziko kwa mwenye nyumba?"

"Funguo ninazo mkononi. Mlango umetiwa komeo kwa ndani."

"Na nani?"

"Hawasemi. Kuna mama ameniambia nisogee mbali na dirisha, nisichungulie."

Nikamwambia ampe simu Mzee Hamdun, mwenye nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wenyeji wako huko hawajambo?"

"Hawajambo. Mzee, ndani ya nyumba..."

"Na kazi zaendeleaje? Joto la huko twasikia ni kali."

"Mzee, nani yuko ndani ya nyumba yangu?"

Akashusha pumzi. "Kwani hukupata salamu zangu? Nilikupigia siku tatu mfululizo, simu yako haipatikani. Mzee Mwidani ametangulia mbele ya haki. Leo siku ya kumi na mbili."

Hapa sina budi niwarudishe nyuma kidogo, maana kosa lilikuwa langu na nilitenda kwa moyo mweupe kabisa.

Wiki nne kabla ya hapo, Mzee Hamdun alinipigia na ombi. Mpangaji wake wa orofa ya nne, Mzee Mwidani, alipigwa na kiharusi. Kila akipelekwa hospitali, anabebwa mgongoni ngazi zote zile. Nyumba yangu ilikuwa ya chini, na tupu, inangoja vyombo. Je, mgonjwa na mkewe, Bi Kuluthum, wangeweza kujisitiri humo kwa siku chache?

Mtu wa kwingine angeuliza maswali. Mimi nimekulia Changamwe, ambako jirani akiombwa chumba cha mgonjwa au cha msiba hasubiri hata amalize kuombwa. Nikajibu kama nilivyolelewa.

"Mzee, hata usingeniuliza. Waingie, wakae mpaka mgonjwa apate nafuu."

Nilijiona mtu mzima siku ile. Nilijiona nimerudi nyumbani. Sikuwaza kwamba mgonjwa anaweza asipate nafuu.

"Poleni sana, mzee," nilimwambia sasa. "Mungu amrehemu. Lakini Bi Kuluthum..."

"Amefiwa humo, na eda anaikalia humo. Wewe ni mtoto wa hapa, sina haja ya kukufundisha."

Hakuwa na haja, kweli. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikitumwa na mama kupeleka uji kwa jirani yetu aliyekuwa kizuka, mjane aliye ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, hajipambi, haonekani na mwanamume anayeweza kumwoa, asiye maharimu wake. Najua nyumba aliyofiwa ndiyo nyumba anayokalia. Najua hata mlevi wa mtaa akipita dirisha lile hushusha sauti.

"Na nyumba yao ya orofa ya nne, mzee? Si arudi huko?"

"Niliwapa watu wengine juma lile lile waliposhuka. Wallahi, nilijua mzee ngazi zile hatazipanda tena."

Hasira zikanipanda. "Kwa hivyo umenikodishia nyumba yenye watu ndani!"

"Mwanangu," akasema taratibu, "wewe ndiwe uliyewaingiza."

Saa kumi na mbili na robo, mwanangu na baba yake wameshaingia Mombasa, na nyumba yangu ina mjane ambaye hata serikali isingethubutu kumtoa.

Jirani wa mlango wa pili, Sidi, mwanamke muuza mahamri, alikuwa amefika kuona lori lataka nini. Yeye aliruhusiwa kuingia. Nikamwomba anipeleke kwa Bi Kuluthum kwa simu yake mwenyewe.

"Carolyne, mwanangu." Sauti ilikuwa nzito ya mtu aliyelia siku nyingi. "Nimeona haya hata kukupigia. Si ukaidi. Ni amri. Lau ningeweza kutoka, ningetoka nikalala barazani."

Nilikuwa nimejiandaa kuomba kwa adabu. Badala yake nikalia. Nililia kama mtoto, nimekaa juu ya kapu la nguo chafu za watu, nikamweleza yote: Cheryl, Maxwell, Juba, saa nne.

Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Vyumba si viwili?" akauliza.

"Viwili, mama."

"Mimi natumia kimoja. Mama yako ni mwanamume?"

"La, mama."

"Na huyo mtoto ni wa kike?"

"Wa kike."

"Basi walia nini? Futa mato yako, mwanangu. Walete. Watanipunguzia ukiwa."

Wasomaji wangu, nilipiga magoti mbele ya mashine ya kufulia. Nilishukuru mpaka nikasahau kwamba vyombo bado viko ndani ya lori.

Na vyombo vilihitaji kubebwa. Mutua alikuwa ameleta makuli wanne, vijana wenye vifua. Hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kukanyaga ndani. Mutua mwenyewe, ndugu yangu wa tumbo moja, hakuruhusiwa.

"Sista, dere anasema lazima saa mbili awe Changamwe, kuna mzigo unamngoja. Anashusha sai, tukiwa tayari tusiwe tayari."

"Mwambie asubiri!"

"Ameshafungua nyuma."

Nikasikia kabati langu likitua mchangani. Nikasikia vijiko. Baada ya nusu saa Mutua alinionyesha kwa video maisha yangu yote yamemwagwa uani Utange: jiko la gesi, magodoro, picha ya ubatizo wa Cheryl imeegemezwa kwenye ndoo. Makuli wamesimama na mikono yao, hawana la kufanya.

Sidi ndiye aliyeniokoa. Aliacha mahamri yake kwenye karai, akaenda akigonga mlango hadi mlango. Walishuka wanawake saba. Alikuwamo Achieng, fundi cherehani wa orofa ya pili, na mtoto mgongoni. Walikuwamo hata wale wapangaji wapya wa orofa ya nne, mama na binti zake.

"Nyie wanaume kaeni pale kwenye kivuli mle mahamri," Sidi aliwaambia. "Na mlipe."

Wakabeba. Kitanda kikaingia kwa ubavu, kabati likaingia kwa kelele na kicheko, na mara mmoja akikumbuka kuna mfiwa ndani wote wananyamaza, kisha kicheko kinawatoka tena. Kochi tu ndilo lililokataa mlango. Likabaki uani.

Saa tatu kasorobo, Sidi alinionyesha chumba. Kitanda cha Cheryl kimetandikwa shuka la waridi nililonunua Doha. Pembeni yake godoro la mama. Nilicheka peke yangu. Madamu akaniita, "Carolina!" nikaenda nikampikia chai na tabasamu mpaka akaniuliza kama naumwa.

Niliporudi chumba cha kufulia, mama alikuwa amefika kutoka Likoni. Mutua alikuwa akinipigia.

Mama yangu ana miaka sitini na saba. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, begi liko miguuni, amekaa kwenye lile kochi lililobaki nje.

"Mama, mbona huingii?"

"Nani amefia humo ndani?"

Nikamkodolea Mutua macho kupitia kioo cha simu. Akaangalia pembeni.

"Ni mzee mmoja, mama, mgonjwa. Alishazikwa siku nyingi."

"Siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Siku kumi na mbili! Na nyumba imetakaswa na nani?"

"Mama, hawa ni Waislamu, wana taratibu zao. Wameosha, wamesoma dua."

"Zao ni zao. Mimi ni mtu wa Makueni. Kuna thavu humo, Carolyne, uchafu wa kifo, nao hautoki kwa sabuni. Dada yangu alilala katika nyumba ya namna hiyo akiwa na mimba. Hukumjua binamu yako huyo, kwa sababu hakuishi. Silali humo. Na mjukuu wangu halali humo."

"Mama, wewe ni mzee wa kanisa!"

"Na nimeomba. Nimekaa hapa nimeomba, na miguu imekataa."

"Bi Kuluthum yumo humo siku zote hizo na hana hata mafua."

"Yeye hawezi kutoka, na mimi siwezi kuingia. Kila mtu na lake."

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Nilimbembeleza. Nilimtajia Juba. Nilimwambia ni kwa siku ya leo tu, aingie, asalimu, aweke sahihi, kisha tutaona. Akatikisa kichwa. Nilimwona akitetemeka midomo, na badala ya kumhurumia nikamchukia. Naandika neno hilo nikijua maana yake.

"Basi rudi Likoni," nilimwambia. "Rudi. Nitamwambia Cheryl kwamba bibi yake alifika mlangoni akaogopa nyumba ya marehemu."

Mama akafunga fundo la kilemba chake upya, polepole, kama mtu asiyesikia.

Nikakata simu. Mtu ukiwa ugenini hujidanganya kwamba simu ni mkono wako mrefu. Siku ile niliona kwamba sina mkono wowote. Nilikuwa na kioo tu cha kutazamia.

Saa nne kamili gari likaingia uani. Nilimpigia Sidi, akaniweka kwenye video na kusimama dirishani ili nione.

Afisa wa watoto aliitwa Bi Rosalia, mwanamke mnene mwenye faili kubwa. Huyu alikuwa mgeni. Yule wa kwanza, aliyemtembelea mama Likoni, alikuwa amehamishwa. Nyuma yake akashuka Maxwell, miwani usoni. Kisha Cheryl.

Amerefuka. Hilo ndilo wazo pekee nililokuwa nalo. Amerefuka, na soksi moja imeshuka, na hakuna aliyempandishia.

Bi Rosalia alikuwa ameshatangulia mlangoni na faili lake, mbali asisikie, Maxwell alipomwona mama kwenye kochi. "Aa, mama mkwe! Mbona nje kama mgeni?"

Neno moja tu la mama lingemaliza kila kitu.

"Napunga upepo," mama akasema. "Ndani kuna joto."

Alinilinda. Nimetoka kumtukana, na bado alinilinda. Ningeyashika maneno hayo yakanitosha siku ile, nisingefanya nilichofanya.

Maxwell akataka kuingia. Sidi akasimama katikati ya mlango na mwiko mkononi.

"Humu mna mama yuko edani, kaka. Wanaume mwisho hapo."

"Mimi ni baba wa mtoto."

"Hata ungekuwa baba wa mtaa."

Bi Rosalia akaingia na Cheryl. Sidi akaisimamisha simu juu ya kabati ili niwaone wote, akarudi mlangoni kumzuia Maxwell. Bi Kuluthum alikuwa ameketi kwenye mkeka, nguo nyeupe za kizuka, hana hereni wala hina. Akamfungulia Cheryl mikono, akimwita aje.

"Ndoo, mjukuu wangu. Ndoo upate maji baridi."

Na mwanangu, anayeogopa watu, akaenda.

Bi Rosalia alikagua. Kitanda, sawa. Choo, sawa. Maji yapo, sawa. Kila alipoandika nilipumua. Mwisho akafunga kalamu, akaifungua tena.

"Vizuri. Sasa bibi wa mtoto. Ni nani hapa atakayeishi naye?"

Nilikuwa namwona Cheryl ameshika bilauri kwa mikono miwili. Nilikuwa namwona Bi Kuluthum akimtazama, kisha akiitazama simu, kisha akimtazama tena.

"Mimi nitakaa naye," Bi Kuluthum akasema. "Miezi minne sitoki mlango huu, mama. Nani atakayemlinda mtoto kuliko mtu asiyeweza hata kwenda dukani?"

Bi Rosalia akatabasamu, mara ya kwanza tangu afike. "Kwa hivyo wewe ndiwe mama mzazi wa Carolyne?"

Bi Kuluthum hakusema ndiyo. Namshuhudia hilo mbele za Mungu. Mwanamke aliye katika ibada hakuongopa.

"Muulize mwenyewe," akasema, akainamisha kichwa.

Bi Rosalia akaichukua simu kutoka juu ya kabati. Uso wake ukajaa kioo.

"Carolyne, unanisikia?"

"Nakusikia, afisa."

"Nahitaji jibu lako niandike. Huyu aliyeketi hapa ndiye mama yako? Ndiye atakayeishi na mtoto?"

Jina la mama limo ndani ya faili lile. Kitambulisho chake kitatakiwa kesho au keshokutwa. Maxwell amesimama hatua tano kutoka hapo, na anamjua mama mkwe wake tangu mahari. Mwenye akili zake angeyaona yote hayo. Mimi niliona Juba tu. Niliona soksi iliyoshuka.

"Carolina!" madamu akaita kutoka sebuleni. "Carolina, wapi wewe?"

"Carolyne?" Bi Rosalia akarudia. "Ndiye mama yako?"

"Ndiyo," nikasema. "Huyo ndiye mama yangu."

Nilisema kwa sauti kubwa, ili ishinde kelele za mashine. Bi Rosalia akaanza kuandika, na kwa kuandika akaishusha simu, na iliposhuka nikaona kile kilichokuwa nyuma ya bega lake.

Sidi alikuwa amesogea pembeni kumpisha mtu. Mama alikuwa amesimama ndani, hatua mbili kutoka mlangoni, peku, viatu vyake vya kanisani mkono mmoja na begi la nguo mkono wa pili. Jasho lilikuwa likimtiririka. Miguu yote miwili ilikuwa ndani ya nyumba aliyoapa kwamba haingii.

Bi Rosalia aligeuka, akamtazama juu hadi chini.

"Na huyu naye ni nani?"

Mama aliitazama simu, akanitazama mimi ndani yake, akangoja niseme.